Mwanangu, Kwanza Ikaguliwe Hita

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Barua yako tumeipata. Nimeisoma, kisha nikampa baba yako, naye akaisoma kimya, akaikunja na kunirudishia bila kusema lolote. Unamjua, na unajua akinyamaza hivyo ana maana gani. Unasema kwamba mkataba wako ukiisha hutarudi nyumbani, kwamba utaendelea kukesha na bibi yule hata kama familia yake haitamudu tena kukulipa zamu za usiku, na kwamba katika nyumba ile ile ambayo wauguzi waliokutangulia waliikimbia kwa sababu ya vishindo vya ukumbini, ndimo ulimoitambua kazi uliyoumbiwa. Hayo ni mambo matatu mazito, nawe umeyabana katika ukurasa mmoja na kuyamaliza kwa kutuambia tusiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao, na sehemu yake kubwa haihusu mzuka. Katika barua nzima hukuandika neno hata moja kuhusu usalama wa hita.

Nitakueleza kwa nini, na tafadhali usiiruke aya hii kama unavyoruka mambo yasiyokupendeza. Uliandika, katikati ya habari nyingine, kwamba madirisha ya nyumba ile hayafunguliwi kwa sababu bibi anasikia baridi, kwamba hita ya zamani iliyo chini ya ngazi huwaka usiku kucha, na kwamba kila asubuhi unaamka na maumivu ya kichwa ambayo hupungua mara utokapo nje kuanika mashuka. Sentensi hiyo ya mwisho uliipita mbio ili ufike kwenye habari za kiti kinachohama. Mimi nimeirudia mara nyingi kuliko nilivyovirudia visa vyote vya kiti.

Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani aitwaye William Wilmer alichapisha katika jarida la madaktari wenzake kisa cha familia aliyoitaja kwa herufi H tu. Familia hiyo ilikuwa imehamia mwaka 1912 katika nyumba kubwa ya zamani, na haukupita muda mrefu wakaanza kusikia miguu ya watu wasioonekana, kuona sura ngeni vyumbani na kuhisi kwamba kuna anayewafuata nyuma. Watoto wakapauka na kuishiwa nguvu, mimea ya ndani ikafa, na vichwa vikawauma. Mwishowe tanuru la kuipasha nyumba joto likakaguliwa, ikaonekana kwamba hewa yake chafu, badala ya kupanda kwenye dohani, ilikuwa ikimwagika ndani ya vyumba walimolala. Tanuru likatengenezwa, na wageni wale hawakuonekana tena. Hewa hiyo chafu ilikuwa na kaboni monoksidi, gesi ya moto usiowaka vizuri, ambayo haina rangi wala harufu, na huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu hukosa hewa huku akidhani anapumua vizuri, na ubongo wake huanza kumsimulia mambo ambayo hayapo. Mgonjwa wako naye anavuta hewa hiyo hiyo, tena ana pumzi chache kuliko zako. Kama hutaki kukagua kwa ajili yako, na najua hutaki, basi kagua kwa ajili yake.

Baba yako, ambaye maisha yake yote ya kazi amekuwa akifungua na kufunga hita za watu, aliuvunja ukimya wake jioni kwa sababu ya jambo hili pekee. Anasema uutazame mwali: ukiwa wa bluu na umetulia, hilo ni jema, ukiwa wa manjano na unachezacheza, zima mara moja, fungua madirisha, mtoeni bibi humo na mwiteni fundi. Anasema pia uangalie kama kuna masizi ukutani kuzunguka hita, na kama vioo vya madirisha vinatoka jasho kila asubuhi. Amesisitiza awe fundi mwenye leseni, wala si jirani mwenye bisibisi. Hata hivyo anataka ujue kwamba mwali wa bluu peke yake si cheti cha usalama, na kwamba kichwa kinachopona mtu akitoka nje ni dalili ambayo yeye asingeisubiri mpaka kesho.

Sasa nije kwenye vishindo, kwa sababu usije ukasema kwamba mama yako ameisoma barua kwa jicho moja. Nimeyapanga mambo kama ulivyoyaeleza, nawe utanisahihisha. Mwendo wa saa tisa za usiku husikika mtu akitembea kwa viatu vya soli laini kutoka mwisho wa ukumbi hadi kwenye mlango wa bibi, akasimama hapo, na mlango usifunguke. Asubuhi, kiti kilichoachwa dirishani hukutwa kando ya kitanda kimegeuzwa kuelekea mto. Bibi, ambaye siku hizi hasemi maneno zaidi ya machache, alikuambia bila hofu yoyote kwamba ni yule wa usiku, amekuja kuhesabu. Kisha, ulipokuwa ukiitafuta dawa iliyoangukia nyuma ya droo, ukakuta daftari lenye jalada la kitambaa, kurasa zake zimegawanywa safu mbili: upande mmoja saa, upande wa pili idadi ya pumzi kwa dakika. Ni kumbukumbu za siku za mwisho za mume wa bibi, aliyefia katika chumba hicho hicho miaka mingi iliyopita. Mstari wa mwisho una saa tu. Safu ya pumzi iko wazi.

Familia ilikuambia kwamba mhudumu wa usiku ule aliitwa kwenda kwa mgonjwa mwingine, akaahidi kurudi, na aliporudi mzee alikuwa ameshakata roho bila mtu chumbani. Mhudumu mwenyewe naye sasa ni marehemu.

Wauguzi wenzako waliposikia vishindo walifunga virago, na siwalaumu. Wewe ulikivuta kiti, ukaketi, ukachukua kalamu na kuanza kuhesabu pumzi za bibi katika daftari la marehemu, chini ya mstari ule ulioachwa wazi, na tangu usiku huo vishindo vikakoma. Vilirudi mara moja tu, usiku ule ulipopitiwa na usingizi. Unasema uliamka kwa mkono begani, ukaona kichwa cha bibi kimeteleza kutoka kwenye mto na kidevu kimeziba koo, ukamwinua, akavuta pumzi. Ukumbini hapakuwa na mtu.

Mkono begani nauelewa. Watu wetu tangu zamani wamesema mtu amekabwa na jinamizi, na wanasayansi wa usingizi wanaeleza kwamba kuna nyakati ubongo huamka kabla ya mwili, misuli ikiwa bado imefungwa na ndoto zikiendelea mbele ya macho yaliyo wazi, hivyo mtu huhisi uzito, huona kivuli, husikia hatua, na wapo wanaohisi kuguswa. Anayekesha usiku na kulala mchana kwa vipande huyapata hayo kwa urahisi. Kiti nacho nakielewa kwa shingo upande: mtu aliyechoka, kichwa kikiwa kimelewa hewa mbaya, aweza kukisogeza mwenyewe asikumbuke. Nimejaribu kukieleza kila kitu kwa njia hiyo na karibu kila kitu kimekubali. Kilichonishinda ni dakika. Gesi yaweza kukusikilizisha vishindo, na jinamizi laweza kukugusa bega, lakini sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kingeweza kujua kwamba wakati ule ule mgonjwa wako alikuwa anakosa pumzi. Baba yako anasema huenda ulisikia koo lake likikoroma usingizini. Huenda. Nimekuandikia ili ujue kwamba sikudharau, na kwamba pamoja na hayo yote bado nataka hita ikaguliwe.

Ulinitajia Athenodorus, na nimecheka kidogo, maana ulijua nitakosa la kujibu. Nimekwenda kuisoma tena barua ya Plinius Mdogo, mwandishi wa Roma ya kale, kwa rafiki yake Sura. Ni kweli kwamba mwanafalsafa yule aliikodi nyumba ya Athene ambayo kila mtu aliiogopa, kwamba mzuka ulipomjia na minyororo yake aliupungia mkono usubiri akaendelea kuandika, kwamba baadaye alichukua taa akaufuata hadi uani ulikotowekea, na kwamba pale palipochimbwa ilikutwa mifupa iliyofungwa minyororo, ikazikwa kwa heshima na nyumba ikatulia. Umeitumia hadithi hiyo kuniambia kwamba anayeteswa huacha kusumbua akisikilizwa, na kwamba aliyebaki alipata jibu ambalo waliokimbia hawakulipata. Nakubali. Lakini soma tena, mwanangu, na utaona kwamba Athenodorus aliweka alama ya majani mahali pale, akaondoka, na kesho yake akawaita wakuu wa mji waje kuchimba. Hakuchimba peke yake usiku kucha. Wewe tangu utotoni ukiona shimo unaingia nalo mwenyewe, na majembe ya wenzako unawabebea.

Hapo ndipo fahari yangu na hasira yangu zinapokaa kiti kimoja. Najivunia kwamba mtu asiye na faida yoyote ya kukupa amepata mtu wa kumhesabia pumzi. Sina hakika kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo, na nimewaambia wote waliouliza, hata wasiouliza. Lakini nakasirika ninaposoma kwamba umewaambia familia zamu za usiku utazifanya bure. Hukuwashauri, hukutushauri, na wala hukuwaachia nafasi ya kuona aibu na kuja kukesha na mama yao walau usiku mmoja mmoja. Ukarimu wako una tabia ya kuwasamehe watu madeni kabla hawajaambiwa kwamba wanadaiwa. Watoto wa bibi wanahitaji kukaa kwenye kiti kile kuliko unavyokihitaji wewe. Kuhusu usiku wa mwisho wa bibi yako mzaa baba sitaandika. Ulikuwapo, uliona kiti cha nani kilikuwa kitupu, na sishangai kwamba wewe ndiye uliyekwenda kukaa kwenye viti vya namna hiyo.

Jambo la kundi unalotaka kulianzisha, la watu wa kujitolea kukesha na wanaokufa bila mtu, sikulidharau hata kidogo, na nimelifuatilia. Huko Eugene, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, muuguzi aitwaye Sandra Clarke aliombwa mwaka 1986 na mgonjwa mzee aketi naye. Alimjibu kwamba atarudi akimaliza kuwazungukia wagonjwa wengine, na aliporudi mzee alikuwa amefariki peke yake. Jambo hilo halikumwacha. Mwaka 2001 alianzisha katika hospitali yake mpango wa watu wa kujitolea wanaopokezana zamu ili asiwepo mgonjwa wa kufa bila mtu kando yake, na hospitali nyingine nyingi zikauiga. Niliposoma kisa hicho nilililaza gazeti mezani kwa muda, kwa sababu kinafanana mno na mstari ulioachwa wazi katika daftari lako. Yeye hakuhitaji mzuka kumkumbusha. Dhamiri yake ilitosha. Labda katika nyumba mnayokaa vitu hivyo viwili havina tofauti kubwa, lakini hilo nakuachia wewe uliye karibu.

Nataka utazame jinsi alivyofanya. Alipanga zamu. Zamu zikipangwa, mtu hulala, na anayelala vya kutosha hakabwi na jinamizi kwa urahisi. Mtazame pia Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967. Alianza akiwa muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akiwa mtu mzima akarudi darasani kusomea udaktari, kwa sababu aliona kwamba huruma bila ujuzi wa dawa za maumivu inamwacha mgonjwa akiteseka mikononi mwa anayempenda. Kozi za tiba shufaa, yaani tiba ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi, zipo, na wewe una akili ya kusoma ambayo umeifungia kabatini tangu ulipoacha masomo ili kumpisha kaka yako, jambo ambalo hatukukutuma, ingawa pia hatukukuzuia. Ukitaka kweli kazi hii iwe yako, isomee. Daftari lile la kitambaa linahesabu pumzi, lakini halimwambii anayehesabu afanye nini zinapobadilika.

Maana zitabadilika. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Siku za mwisho utaona pumzi zinapanda na kuwa za kina, zinashuka, zinakatika kwa muda unaokufanya usimame, kisha zinaanza tena. Madaktari wamelipa jambo hilo majina ya John Cheyne, aliyelieleza mwaka 1818, na William Stokes, aliyelieleza mwaka 1854, na mara nyingi ni dalili kwamba safari imekaribia. Usiruke kumtikisa. Umkalishe vizuri, umlowanishe midomo, umshike mkono na kumwita kwa jina lake, na uwapigie simu wanawe kabla ya saa tisa, si baada yake. Ukiona pumzi inakatika namna hiyo siku zote na bado hujaikagua hita, basi hutajua unachokiona ni mauti yake ya kawaida au ni nyumba inayomwua, na hilo hutajisamehe kamwe. Ndiyo maana nalirudia hadi utachoka.

Nimempa binamu yako mzigo, naye atapita kwako akienda kazini. Ndani yake kuna king'ora cha kaboni monoksidi pamoja na betri zake, nimezifunga kwenye soksi zisipotee. Kifunge karibu na mahali unapolala na mahali anapolala bibi, kisiwe nyuma ya pazia wala nyuma ya kabati, na bonyeza kitufe cha kukijaribu kila mara ubadilishapo mashuka. Kikilia, usisimame kutafuta sababu, tokeni kwanza. Kuna pia sweta la kijivu, ambalo ni lako na halikuumbwa kumpa mtu mwingine, na daftari jipya lenye mistari, kwa sababu uliandika kwamba lile la zamani limebakiza kurasa chache. Baba yako ndiye aliyelichagua. Amekutilia na miwani yake ya zamani, akidai kwamba mwandiko wako umekuwa mdogo kiasi kwamba lazima macho yako yameanza kuchoka. Miwani hiyo usiivae, namba yake haikufai, lakini mwandikie kwamba umeipokea.

Hapa nyumbani hali si mbaya. Paa la upande wa jikoni limezibwa, ingawa fundi aliacha vigae viwili vinacheza na tunaendelea kumfuata. Pampu ya maji imebadilishwa. Dada yako mdogo amefaulu mitihani na anataka kukuandikia mwenyewe, kwa hiyo jifanye hujui. Mashine ya kushonea imehamishiwa chumbani kwako kwa muda, na hapo ndipo lilipozuka swali ambalo nakuomba ulijibu kwa uwazi, bila kuzungukazunguka. Kaka yako anaoa mwishoni mwa mwaka na ameomba akitumie chumba chako hadi apate mahali pake. Nimemwambia asiguse kitu kabla sijasikia kutoka kwako. Kama unarudi mkataba ukiisha, sema, na nitaiondoa mashine leo leo. Kama hurudi, sema vilevile, na uniambie vitabu vyako nivitie kwenye sanduku gani, lile la bati au lile la mbao, kwa kuwa la mbao limeanza kuliwa na wadudu chini. Mpaka rangi anakuja wiki mbili zijazo na ni lazima nijue kabla hajafika.

Msalimie bibi, na umwambie nimeuliza hali yake.

Wasalaam,
Mama yako